Jibu: Magoti, uwanja na mzee aliyepooza

Shikamoo mama. Umeuliza utafyekaje uwanja huku magoti yanauma na baba amepooza, hageuki mwenyewe. Kwanza mwangalie makalio na visigino: ngozi ikiwa nyeusi zaidi au ya moto kuliko pembeni, kidonda cha kulalia upande mmoja kinaanza. Kumgeuza kila baada ya saa 2 hakusubiri, majani yanasubiri. Mimi namuuguza mama yangu, uwanja anafyeka kijana wa jirani kwa malipo. Nafagia mlangoni tu, asubuhi, kwa fagio la mpini mrefu nisiiname. Wanaosema pachafu waje na fyekeo zao! Halafu hiyo diklofenaki, dawa ya maumivu unayomeza kila siku, mwambie daktari wako wa presha. Dawa za aina hiyo hupandisha presha.