Nauli tunalipa ya kuja na ya kwenda

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Bei za dukani huko mnakoishi zinapandishwa na nani?" Mimi ni mkazi wa Jibondo, kisiwa kidogo kilicho kusini mwa kisiwa cha Mafia, Tanzania, na kwa maoni yangu mwenye duka ni wa mwisho kulaumiwa.

Jibondo ni mawe ya matumbawe. Kulima ni kubahatisha. Tunaishi kwa pweza, samaki na kuunda vyombo vya baharini. Unga, mchele na sukari ni vya kununua. Sasa ufuateni mfuko mmoja wa unga. Unapakiwa kwenye lori Dar es Salaam, unashushwa Nyamisati pwani ya bara, unapandishwa chomboni, unashushwa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, unapanda gari hadi Utende, upande wa pili wa kisiwa, ndipo unaingia kwenye mashua ya kuja kwetu. Maji yakiwa yamekupwa, mashua hutia nanga mbali na mfuko hubebwa kichwani hadi nchi kavu. Kila anayeugusa hulipwa, na ni haki yake, maana ukuli si kazi nyepesi. Na karibu kila hatua ina injini inayotaka mafuta.

Hapo kwenye mafuta ndipo penye shina. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, na ndani yake imo gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini hadi wilayani. Lakini kikomo hicho kinamlinda anayenunua kwenye pampu. Petroli ikishatiwa kwenye madumu kuvushwa visiwani, hakuna tena anayeipangia bei. Tunauziwa kwa chupa za maji ya kunywa, na chupa haina muhuri wa wakala wa vipimo. Kusi likichafuka, vyombo vikashindwa kuvuka, mwenye dumu ndiye mwenye neno. Mwaka 2022, petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita Dar es Salaam, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Naishukuru kwa hilo. Ila nafuu ile ilihesabiwa pampuni, na sisi tulibaki kutegemea huruma ya muuzaji wa chupa.

Linaloniuma zaidi, na silisikii likisemwa, ni kwamba sisi tunalipa mara mbili. Mnunuzi wa pweza anapofika ufukweni, kabla hajataja bei ameshakata gharama ya barafu, ya mafuta ya boti yake, na ya kumfikisha pweza Dar es Salaam. Kinachosalia ndicho anachopewa mama aliyeshinda mwambani na kijiti chake. Jioni mama huyo anakwenda dukani kununua unga, na unga nao umeongezewa nauli yote niliyoieleza. Anayekula pweza mjini hajui kwamba nauli ya pweza wake ilikwisha kulipwa huku.

Mwenye duka naye tunamjua. Ana daftari la madeni ambalo halifungwi mpaka pweza wauzwe, na bahari ikichafuka anadaiwa yeye kule alikochukua mzigo. Akiongeza kidogo kwenye nusu kilo ya sukari, mimi siwezi kumwita mnyonyaji.

Ninachokiomba kinawezekana. EWURA ilikwisha kulegeza masharti ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Basi visiwa vidogo vihesabiwe kuwa vijiji: pampu moja yenye kipimo cha halali na bei kikomo yake, inayoongeza gharama ya kuvuka waziwazi ili kila mtu aisome. Bei itakuwa juu kuliko ya Kilindoni, hilo tunalijua na tutalipa. Na halmashauri itujengee gati linalofikika maji yakiwa yamekupwa, ili mfuko wa unga upunguziwe angalau hatua moja kabla ya kufika dukani.

Msomaji, Jibondo, Mafia