Ukumbi Mtupu Unashuhudia Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anayesomea sanaa amenionyesha picha ya rangi za mafuta iliyochorwa mwaka 2010, ya ukumbi wa abiria uliotelekezwa katika stesheni ya Michigan Central, mjini Detroit, Marekani. Yeye anaiita kumbukumbu ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Mimi naona ni magofu yaliyopambwa tu. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yetu, binti yako ana haki ya kuiita kumbukumbu, ila amekosea mwaka. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1913 na treni ya mwisho ikaondoka Januari 1988, miaka 20 kabla ya msukosuko anaoutaja. Abiria walikuwa wamehamia kwenye magari na ndege, na mji wenyewe ulizidi kuhamwa: mwaka 1950 ulikuwa na watu wapatao 1,850,000, mwaka 2010 wakabaki 714,000 hivi. Aliyechora ukumbi ule mwaka 2010 alichora hasara za nyakati kadhaa kwa pamoja.

Sasa tazameni kuta. Ikiwa mchoraji ameonyesha lipu iliyochimbwa kwa mistari mirefu, pale mabomba na nyaya zilipopita, uharibifu huo haukuletwa na mvua wala uchakavu. Ni wa watu walioingia kung'oa shaba ili wakaiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hapo picha inasema jambo la hakika kuhusu riziki ya mji. Mchoraji anayeziruka alama hizo ili abaki na mwanga mzuri wa madirishani ndiye anayestahili lawama yako. Wakazi wa Detroit nao wamelalamika sana kwamba picha za namna hiyo huuonyesha mji wao kana kwamba hauna mtu.

Wala msidhani kwamba picha iliyojaa watu ni ya wakati wa neema. Katika makumbusho ya Detroit Institute of Arts kuna michoro ya ukutani ya Diego Rivera, mchoraji kutoka Mexico, sehemu 27, aliyoifanya mwaka 1932 na 1933: wafanyakazi wamesongamana, migongo imepinda, wanaunda magari katika kiwanda cha Ford cha River Rouge. Machi 1932, wiki chache kabla Rivera hajafika, watu wasio na kazi waliandamana hadi kwenye kiwanda hichohicho kudai ajira, na wanne kati yao wakauawa kwa risasi siku ileile. Hayo hayamo katika michoro ile.

Ningemshauri binti yako, kwa kila picha ya jengo tupu, atafute miaka miwili: ule jengo lilipohamwa na ule lilipochorwa. Stesheni ya Michigan Central ilinunuliwa na kampuni ya Ford mwaka 2018, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena Juni 2024, na kuta za ukumbi ule zimetengenezwa upya. Anayetaka kujua zilivyokuwa zimechimbwa hana budi kurudi kwenye picha, pamoja na hiyo uliyoiona kuwa ni pambo.