Boti ya matanga ya mita 10 hadi 12: anza na usichokiona

Boti ya fibaglasi iliyofikisha miaka 20 au 30 ina uso wa kudanganya. Ukiisugua na kuing'arisha inaonekana mpya, kumbe bamba linaloshika nyaya za mlingoti limeliwa ndani ya sitaha, na mpira wa ekzosi nyuma ya injini unabonyea kwa kidole. Fedha za mwanzo ziende huko kusikoonekana. Paneli za sola na skrini mpya zitangoja.

Matundu ya chini ya maji

Hesabu matundu yote yaliyo chini ya mstari wa maji: la maji ya kupozea injini, ya choo, ya sinki, la kipima kina. Chora ramani ya boti, tia alama kila tundu lilipo, uibandike ndani ya mlango wa kabati linalofunguliwa na kila mtu. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza yapata lita 140 kwa dakika. Pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, iliyoandikwa lita 7,500 kwa saa, ikishafungiwa mpira mrefu na kulazimika kuinua maji mita moja na nusu, mara nyingi hutoa nusu tu ya kiasi hicho. Usiitegemee ikushindie mpira uliochomoka. Kazi yake ni kukupa dakika za kuifikia vali inayoziba tundu hilo na kuifunga.

Kwa hiyo kila vali ifungwe na kufunguliwa angalau mara moja kwa mwezi. Ikigoma wakati boti iko majini, usiigonge kwa nyundo. Ngoja ipandishwe nchi kavu. Chunguza na madini yake. Shaba yenye zinki nyingi hunyonywa zinki na maji ya chumvi, ikabaki laini na yenye vitundu kama sifongo. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu: ukiona rangi ya waridi badala ya njano, ibadilishe hata kama bado inafunguka vizuri. Weka ya bronzi, au ya nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo.

Mpira ufungwe kwa klipu mbili kila upande, mradi shingo ya vali ni ndefu ya kutosha kuzibeba zote mbili. Klipu nyingi za bei rahisi zina ukanda wa chuma cha pua lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida. Pitisha sumaku: skrubu ikinasa, hiyo klipu si ya baharini. Kando ya kila vali funga kwa kamba kigingi cha kuzibia tundu, cha mbao laini kilichochongwa mfano wa pia, kikae hapo hapo na si kwenye sanduku la vifaa.

Sitaha inayovuja

Hapa ndipo boti nyingi za umri huu zinapoharibika polepole, na ndipo mwenye boti anapoweza kuokoa fedha nyingi kwa mikono yake mwenyewe.

Sitaha kwa kawaida ni ngozi mbili za fibaglasi zilizobana kiini katikati, ambacho huwa balsa (mbao nyepesi sana), plaiwudi au povu gumu. Kila bolti ya kifaa cha juu inapita kwenye kiini hicho. Silanti, yaani gundi ya kuziba maji chini ya kifaa, ikichoka, maji hayadondoki kabatini siku hiyo hiyo. Hutangulia kwenye kiini, yakatambaa, na balsa ikageuka kuwa uji. Ukiona tone ndani ya kabati, huenda maji yamekuwamo humo miaka.

Kipimo cha kwanza ni sikio. Shika bisibisi upande wa chuma, gonga sitaha kwa mpini wa plastiki, ukisogea sentimita tano tano kuzunguka kila kifaa. Penye afya panalia kavu na kali, na mpini unadunda mkononi. Ukifika penye maji sauti inazama, mpini unatua tu, haurudi juu. Tia alama ya chaki kila sauti inapobadilika, kisha unganisha alama hizo: umbo litakalotokea ndilo eneo lililoharibika. Likiwa la upana wa kiganja au chini ya hapo, unaweza kulitibu kupitia matundu ya bolti. Likizidi hapo, kata ngozi ya juu, toa kiini kilichooza, weka kipya na uzibe upya kwa epoksi. Kuchoma sindano za epoksi kwenye balsa iliyolowa hakusaidii, kwa sababu epoksi haishiki kwenye maji.

Kwa tundu la bolti ya milimita 6, kazi huenda hivi. Ng'oa kifaa na ukwangue silanti yote. Panua tundu kwa keekee hadi milimita 12, ukipita ngozi ya juu na kiini, lakini ngozi ya chini uiache na tundu lake la zamani. Unga unaotoka kwenye biti ukiwa mweusi au unanata, acha pakauke; ni siku kadhaa, na feni husaidia. Ziba chini kwa utepe. Paka kwanza epoksi nyepesi isiyochanganywa na kitu, inywewe na kuta za kiini, kisha jaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika hadi iwe kama asali nzito. Iache siku nzima. Toboa tena milimita 6 katikati ya epoksi hiyo ngumu. Sasa bolti inapita kwenye mshipi wa epoksi, na hata silanti ikishindwa siku moja, maji hayatakigusa kiini.

Hatua inayorukwa zaidi ni kukata ukingo wa juu wa tundu kwa biti ya koni, kina cha milimita mbili hivi. Kibonde hicho ndicho kinachobeba silanti. Bila hicho, ukikaza bolti silanti yote inakamuliwa nje. Tumia utepe wa butili, mpira laini unaonata: uviringishe kwenye shingo ya bolti kama pete, kaza taratibu, rudia kukaza kesho yake na keshokutwa. Anayekaza azungushe nati kutoka chini huku mwenzake ameishika bolti isizunguke, maana bolti ikizunguka inachana butili.

Silikoni iache. Huacha utando ambao hakuna silanti wala rangi itakayoshika juu yake baadaye, na kuuondoa ni kazi ya msasa na subira. Silanti ya polisalfaidi ni nzuri kwa mbao na chuma, ila isiwekwe kwenye madirisha ya akriliki au polikaboneti, kwa kuwa huyadhuru.

Mlingoti na kinachoushika

Nyaya za chuma cha pua zinazosimamisha mlingoti hufaa kubadilishwa zikikaribia miaka 10 hadi 15, na kampuni nyingi za bima hudai zibadilishwe zikifika takriban miaka 10. Kabla ya muda huo, pitisha kitambaa laini au karatasi ya chooni kwenye kila waya, hasa sentimita 20 za chini, pale unapoingia kwenye kishikizo. Uzi mmoja uliokatika utanasa. Waya huo umekwisha, na mwenzake wa upande wa pili una umri ule ule, kwa hiyo badilisha zote mbili. Vishikizo vya chini ndivyo hufa kwanza kwa sababu maji ya chumvi hushuka na waya yakatuama humo. Tazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna ufa mwembamba wa wima.

Mabamba yanayoshika nyaya yanapopenya sitaha yana hatari ya peke yake. Chuma cha pua hujilinda kwa utando unaohitaji oksijeni. Kikikaa kwenye maji yaliyotuama, bila hewa, utando huo hauwezi kujijenga tena na chuma huliwa kwa vishimo. Bamba linaweza kung'aa juu na kung'aa chini, huku milimita 40 za katikati, zilizo ndani ya sitaha, zimebaki nusu. Hakuna namna ya kulijua hilo bila kulitoa. Toa moja moja, nyaya nyingine zikiwa zimefungwa na henza (kamba ya kupandishia tanga) ikiwa imekazwa pembeni badala ya waya uliotolewa. Lisafishe, na ukiona vishimo au mistari ya kahawia iliyojichimbia, tengeneza jipya. Mimi singesafiri mbali na boti ambayo mabamba yake hayajawahi kutolewa.

Kwenye matanga, uzi wa mshono hufa kabla ya kitambaa. Kwaruza mshono kwa ukucha: uzi ukikatika, peleka yote yashonwe upya kabla tanga halijachanika.

Injini

Injini ndogo ya dizeli huishi miaka mingi ikipata mafuta safi, hewa na maji ya kupoza. Oili ibadilishwe kila mwaka au kila saa 100 hadi 200 kulingana na kitabu chake, na ibadilishwe kabla ya kuiacha boti muda mrefu, kwa sababu oili chafu ina asidi.

Impela ya pampu ya maji ya bahari, gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji, badilisha kila mwaka. Ukikuta ya zamani imepungukiwa na bawa, kazi haijaisha: vipande vilivyokatika vimesukumwa mbele na vimeziba mirija ya kipoza joto. Hesabu mabawa, kisha fungua kifuniko cha kipoza joto na utafute kila kipande hadi hesabu itimie. Asiyefanya hivyo hubaki na injini inayochemka ikipewa kasi, akabadilisha kidhibiti joto, akabadilisha pampu, na kipande cha mpira bado kiko palepale.

Kiwiko cha ekzosi, pale maji yanapochanganyika na moshi, huziba kwa masizi na kutu. Dalili yake ni moshi mweusi na injini kutofikia mizunguko yake ya zamani. Kifungue kila miaka mitatu hivi. Ukikuta tundu limebaki kama la kidole, badilisha.

Na jambo moja linaloua injini nzima: kupiga stata muda mrefu injini isipowaka. Kila mzunguko pampu inaingiza maji ya bahari kwenye ekzosi, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Kibweta cha kuzuia kelele kikijaa, maji hurudi nyuma na kuingia kwenye silinda kupitia vali za kutolea moshi. Isipowaka baada ya majaribio mawili matatu mafupi, funga vali ya maji ya bahari ndipo uendelee kutafuta tatizo. Ikiwaka tu, ifungue mara moja, kwa sababu impela kavu huungua upesi.

Mara nyingi tatizo lenyewe ni uchafu wa tangi. Maji na ukoko hutulia chini kwa miezi boti ikiwa imefungwa, kisha hutibuliwa siku ya mawimbi na kuziba chujio saa ile unayoihitaji injini. Weka chujio la kwanza la mikroni 10 au 30 lenye bakuli la kuonyesha maji, na la pili, la kwenye injini, liwe lile lililotajwa na mtengenezaji. Kuweka la mikroni 2 mwanzoni ni kosa. Linaziba haraka mno. Na kama tangi halina mlango wa kuingiza mkono, kata tundu la mviringo juu yake, funga kifuniko chenye gasketi isiyoharibiwa na dizeli, usafishe.

Umeme, ukishamaliza hayo

Betri za lithiamu ndizo zinazotamaniwa na wengi, na zina sababu: unatumia asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake, wakati ya risasi ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaifupishia maisha. Shida ni alteneta, jenereta ya injini inayochaji betri. Betri ya risasi hupunguza yenyewe umeme inaokubali kadiri inavyojaa. Lithiamu hunywa kila kinachotolewa karibu hadi mwisho, na alteneta ya kawaida, ikizungushwa polepole ndani ya chumba cha moto, huungua. Weka chaja ya kati baina ya betri ya stata na za lithiamu, au regyuleta ya nje yenye kipima joto kilichofungwa kwenye alteneta yenyewe. Kumbuka pia kuwa kinga ya ndani ya betri ikijikata ghafla wakati alteneta inachaji, volti hupanda na kuua daiodi. Chaja ya kati huondoa hatari hiyo pia. Fyuzi kuu ikae sentimita 18 au chini ya hapo kutoka kwenye betri, na iwe ya aina inayohimili mkondo mkubwa sana wa hitilafu, kwa kuwa lithiamu inaweza kuutoa.

Kebo ziwe za shaba iliyopakwa bati, na unene wake uukokotoe. Mfano ni mashine ya kuvuta nanga inayokula ampia 100 kwa volti 12, ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Kebo ya milimita za mraba 25 itapoteza takriban volti 1.4, zaidi ya asilimia 11, na mota itapata joto na kusuasua. Ya milimita za mraba 50 itapoteza volti 0.7. Wengi hulaumu mashine kuwa dhaifu na kununua kubwa zaidi, ambayo inakula ampia nyingi zaidi kupitia kebo ile ile nyembamba.

Kabla ya kununua paneli za sola, andika matumizi ya siku nzima. Friji inayokula ampia 5 na kufanya kazi nusu ya muda inamaliza ampia-saa 60 kwa siku. Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, hurudisha kama 25 hadi 30. Kivuli cha kamba moja kinaweza kushusha paneli nzima, kwa hiyo mbili ndogo, kila moja na kidhibiti chake, zikiwekwa mbali na mlingoti, mara nyingi hushinda moja kubwa iliyo chini ya tanga.