Jibu: Roboti au kisafishaji cha kunyonya, kipi kinakula umeme zaidi?

Mkuu, umeuliza kwa bwawa la kuogelea la gesti yako, kati ya roboti ya kusafisha bwawa na kile kisafishaji cha kunyonya kwa mpira, kipi kitamaliza luku haraka. Inategemea pampu yako ya kuchuja maji inawaka saa ngapi kwa siku.

Roboti ina mota yake, inatumia kama wati 150 hadi 200 kupitia transfoma. Ikizunguka saa mbili na nusu inakula nusu uniti hivi. Kwa uniti ya Sh 350, haizidi Sh 175. Cha kunyonya hakina mota, kinaendeshwa na pampu kuu. Pampu ya HP 1 (nguvu farasi moja) huvuta karibu kilowati 1.1, kwa hiyo saa nne ni uniti 4.4, yaani Sh 1,540. Cha presha, kile kinachosukumwa na maji, chenye pampu ya ziada achana nacho, hapo unawasha pampu mbili kwa mpigo.

Sasa, kama pampu tayari inawaka saa nane kuchuja maji, hizo saa nne zimo humohumo. Cha kunyonya hakikuongezei kitu, na muuza roboti hana haja ya kukwambia hilo. Roboti inalipa ukiweza kupunguza saa za pampu, au ukiwa na pampu ya kubadili kasi: ukishusha kasi kwa nusu, umeme unashuka hadi karibu moja ya nane, ila cha kunyonya hapo mara nyingi hakitembei.

Mimi ningeanza na taima ya pampu. Na ukinunua roboti, itoe majini ikimaliza kazi, klorini inachosha waya na mipira yake.