Motoka imevutwa, bwate (giaboksi) imekufa: nani alipe?

SWALI: Jambo Papa. Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, ninauza unga katika soko la mtaa wetu wa Kenya. Mwezi uliopita motoka yangu, Toyota IST ya otomatiki, ilizimika kwenye barabara ya Kasenga saa kumi na moja jioni. Niliisogeza kando, nikawasha taa za hatari, nikamwita fundi wangu. Kabla hajafika ikaja depanezi (gari la kuvuta magari), mtu wa rulaji (polisi wa barabarani) amekaa mbele na shofere. Sikuulizwa neno. Wakafunga mnyororo, wakainyanyua mkia, wakaivuta hadi uwanja wa kampuni moja. Kesho yake wakanidai dola 150 za kuvuta, na dola 20 kwa kila usiku. Siku ya nne nikalipa dola 210, risiti hawakunipa. Kuiwasha, haiendi mbele wala nyuma. Fundi anasema bwate imekufa. Nina haki yoyote, ama nilie tu? (Mama Y., Katuba)

JIBU: Mama, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya neno moja: mkia.

IST ya kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele. Ukiinyanyua nyuma, ya mbele ndiyo yanayobaki chini, na yanazungusha bwate huku injini imelala. Sasa pampu ya mafuta ya bwate ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikilala mafuta hayapandi, vyuma vinasagana vikavu. Nimevuta magari miaka 19 kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, na kabla ya kupewa funguo nilifundishwa hilo kwanza: nyanyua upande unaosukuma, ama ipakie yote juu ya plato, lile lori la mgongo bapa. Kama inasukuma kwa magurudumu yote manne, plato tu. Waliokuvutia hawakujua kazi, ama walijua wakawa na haraka. Kwangu mimi ni kosa lile lile.

Haki unayo. Sheria yetu ya kiraia, kitabu cha tatu, kifungu cha 258, inasema kwamba mtu akimtia mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuilipa. Haisemi «isipokuwa mwenye depanezi». Kwa hiyo bwate ifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, fundi aandike alichokiona na kutia sahihi, piga picha za vyuma. Pelekea kampuni barua ya kudai, nakala moja peleka meri (ofisi ya mji). Wakinyamaza, nenda tribunali (mahakama) ya amani. Na bwate yenyewe usikubali iuzwe kama chuma chakavu kabla kesi haijaisha. Hiyo ndiyo shahidi wako mkubwa.

Kuhusu zile dola 210: Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi huwekwa kwa sheria tu. Anayekudai kwa jina la serikali akuonyeshe karatasi inayompa ruhusa, na pesa ya serikali hulipwa kwa noti ya malipo (karatasi ya serikali inayoonyesha deni), siyo mkononi getini. Kama anadai kwa jina la kampuni, basi hiyo ni biashara, na katika biashara bei husemwa kabla ya kazi.

Lakini hata ukishinda kesho, keshokutwa mama mwingine atavutwa mkia. Nitasema ninachokijua kwa sababu nimekaa kwenye kiti kile. Tulilipwa kwa kila motoka tuliyoleta. Siku bila motoka, jioni watoto hawali. Ukilipwa hivyo jicho linabadilika: motoka iliyosimama vizuri unaiona imesimama vibaya, na mama anayengojea fundi wake unamwona ni mkate. Mtu wa rulaji akiwa na fungu lake katika mkate huo, nani atasema «huyu mwacheni»? Anayeamua motoka ivutwe asipate hata franga moja katika kuvuta. Mengine yote ni madogo mbele ya hilo.

Sisemi depanezi ziondolewe. Nimeona lori limekufa usiku kwenye barabara ya Kasumbalesa, halina taa, limewekewa matawi tu, na nimeona kilichofuata. Kazi hii inaokoa watu. Ndiyo maana inahitaji utaratibu kama kazi nyingine yoyote inayogusa roho na mali ya watu. Mkoa wa Ontario, nchini Kanada, ulifika mahali makampuni ya kuvuta magari yakachomeana magari na kupigana risasi kwa kugombania ajali. Wakatunga sheria mwaka 2021. Tangu Januari 2024 kampuni haivuti bila cheti cha mkoa, na tangu Julai mwaka ule shofere naye lazima awe na chake. Bei ya juu kabisa hutangazwa, na kwa kawaida mwenye gari hutoa idhini kwanza.

Sisi tunaweza kuanza na machache: bei iandikwe kwa rangi kwenye mlango wa depanezi, kwa dola na kwa franga, shofere apimwe namna ya kufunga mnyororo, na mtu ambaye hajaziba njia apewe muda wa kumngoja fundi wake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinaturuhusu kupeleka ombi kwa serikali, mtu mmoja ama wengi pamoja. Kusanya sahihi hapo sokoni, mpeleke kwenye bunge la mkoa. Yangu iwe ya kwanza.

SWALI: Papa, motoka yangu iko furieri (uwanja wa magari yaliyovutwa), mlinzi ananikataza kutoa vitabu vya watoto mpaka nilipe yote. Ni sawa? (Baba K., Kampemba)

JIBU: Si sawa, ndugu yangu. Wamevuta motoka, hawakuvuta vitabu. Rudi asubuhi na mtu mmoja wa kushuhudia, andika orodha ya vitu mara mbili, mlinzi atie sahihi zote, moja ibaki kwake. Akikataa, andika jina lake, saa na tarehe, kisha umwone mkubwa wake siku hiyo hiyo, kabla vitu havijaanza kupotea.