Swali la lugha: Vuli ya New York si vuli ya Tanga

SWALI: Ninatafsiri habari za burudani. Juzi niliandika kuhusu kituo kimoja cha televisheni cha Marekani, "NBC yatangaza safu yake ya msimu wa vuli." Mhariri akafuta "vuli", akasema vuli ni mvua. Kamusi yangu inanipa neno hilohilo. Nani kakosea?

JIBU: Kamusi haina kosa, ila mhariri wako ana hoja. Kwa mtu wa Tanga au Unguja, vuli ni zile mvua za Oktoba hadi Desemba. Mkulima akiisikia anafikiria mbegu. Waliotafsiri majira manne ya Ulaya na Marekani waliazima majina tuliyokuwa nayo: kipupwe kikabebeshwa theluji, masika yenye matope yakageuka majira ya maua, na vuli ikapewa miezi ya majani kupukutika. Katika kitabu cha jiografia, ambako maelezo yapo, sina ugomvi. Katika kichwa cha habari msomaji anaona mawingu.

Tena jambo lenyewe si la hali ya hewa. Vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani, yaani ABC, CBS, NBC na Fox, kwa desturi hutangaza vipindi vipya mwezi Mei mjini New York, mbele ya wenye matangazo ya biashara. Vipindi huanza Septemba na kwenda hadi Mei inayofuata. Hapo msomaji wetu yuko nyumbani, maana ndivyo ligi ya soka inavyohesabiwa: msimu wa 1994/95, miaka miwili ndani ya msimu mmoja. Andika "msimu mpya", taja Septemba, basi.

Angalia tu msimu usikugeuke. Nimewahi kusoma: "Msimu wa tatu wa tamthilia hii utaonyeshwa msimu huu." Msimu wa mwanzo hapo ni fungu la sehemu za tamthilia, wa pili ni mwaka wa kituo. Sema, "Tamthilia hii inarudi Septemba na msimu wake wa tatu."

"Safu" nimeipenda, iache. Orodha ni majina tu; safu ina nani katangulia na nani kafuata, na ufundi wa vituo hivi uko hapohapo. Alhamisi ya 22 Septemba 1994 NBC ilikichomeka kipindi kipya cha vichekesho, Friends, katikati ya vingine viwili, Mad About You na Seinfeld, ambavyo tayari vilikuwa na watazamaji wake. Aliyekuwa akisubiri Seinfeld alikaa palepale, akakitazama na kile kipya. Ukishaweka siku na saa za kila kipindi, hapo sema ratiba.

Na kwenye saa ndiko watafsiri wanakoumbuka. Kipindi cha Friends kilianza 8:30 usiku kwa saa za New York. Nimekutana na "saa nane na nusu usiku" kwa saa za namna hiyo zaidi ya mara moja, wakati ambao kwetu wanaokuwa macho ni walinzi na wanga. Ni saa mbili na nusu usiku.

Sentensi yako basi iwe: "NBC yatangaza safu ya vipindi vya msimu mpya unaoanza Septemba." Mhariri akiifuta na hiyo, niandikie tena.