Jibu: Vitabu 140 kwenye orodha, nianzie wapi?

Habari za jioni, ndugu. Nimekuelewa hivi: orodha imefika vitabu 140, umeanza 6 kwa mpigo, humalizi hata kimoja, na kila ukishika simu unaongeza vingine.

Kwanza kabisa, hesabu vingapi unavyo mkononi. Daftari langu lilikuwa na majina 90, lakini rafuni vitabu vilikuwa 23 tu. Yaliyokuwa yananilemea ni majina matupu. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya Fasihi mwaka 2021 niliandika karibu riwaya zake zote, na sikuwa na hata moja. Nikayahamishia yote ukurasa wa nyuma wa daftari, na moyo ukatulia siku hiyohiyo.

Kisha toa vitabu 3 tu uviweke karibu na kitanda. Anza na kilicho chembamba kuliko vyote, hata kama si cha maana sana, maana unahitaji kuonja tena raha ya kumaliza. Cha kuazima kitangulie, mwenyewe anakisubiri.

Na hivyo 6 ulivyoanza, kila kimoja kipe kurasa 30 zaidi. Mimi nilikuwa na riwaya yenye tiketi ya daladala ukurasa wa 41, imekaa hapo tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Nilijaribu tena, haikunivuta, nikampa binti wa jirani. Yeye aliimaliza kwa siku nne.

Kama ni vitabu vya mtihani, huko sijaijaribu njia hii. Ukishahesabu, tuambie umepata vingapi.